Ukimkuta Mtoto wa Sungura Pori Shambani

Kila mwaka mavuno ya mpunga yanapoanza katika Bonde la Kilombero, na tena kiangazi kinapokolea watu wakaanza kusafisha mashamba kwa moto, habari huwa ileile kuanzia Namawala hadi Mbingu. Mtu anakata mpunga kwa mundu au anafyeka kichaka, mara anasimama ghafla: karibu na mguu wake yupo mtoto wa sungura pori. Hakimbii. Amejibana chini, masikio yamelala mgongoni, macho yako wazi, pua ndiyo pekee inayocheza. Mwenye huruma humchukua, akamfunga kwenye kanga na kumpeleka nyumbani, na jioni mtoto hupewa maziwa ya ng'ombe kwa kijiko. Baada ya siku chache amekufa, na watoto wa nyumba ile wanalia.

Ninaiheshimu sana huruma hiyo, ndiyo maana nataka isipotee bure. Wengi wa watoto hao hawakuwa yatima. Mama yao alikuwa hai, amejificha kwenye majani akingoja jua lizame. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ulio mzito kuliko yote nitakayosema, ni huu: mwache alipo, na kama umeshamchukua, mrudishe.

Sungura pori wetu na sungura wa kufugwa wanaishi maisha tofauti kabisa. Sungura wa kufugwa, ambaye asili yake ni Ulaya, huchimba shimo, hunyonyoa manyoya yake mwenyewe na kuyatandika humo, na baada ya mimba ya mwezi mmoja huzaa watoto walio uchi, wasioona. Macho yao hufumbuka baada ya siku 10 hivi. Sungura pori wa savana hubeba mimba ya siku 42 hivi, na huzaa mmoja hadi watatu juu ya ardhi, chini ya shina la majani, penye kibonde kidogo kinachomtosha kulala tu. Watoto wake hutoka wakiwa na manyoya kamili na macho yaliyofumbuka, na muda si mrefu wanaweza kuruka. Hata kwa damu wameachana: sungura wa kufugwa ana kromosomu 44, huyu wa porini ana 48, na hawazaliani.

Kwa kuwa hana shimo la kuwafichia wanawe, mama huwalinda kwa kukaa mbali nao. Harufu yake ingewaita mbweha, kanu na nguchiro. Mtoto mchanga yeye hana harufu kali, na rangi yake ni ya udongo na majani makavu. Basi mama huja mara moja tu kwa siku, kwa kawaida baada ya magharibi, akawanyonyesha kwa dakika chache na kuondoka tena. Mtoto aliye peke yake mchana kutwa, kimya, asiyekimbia hata ukimkaribia, hajatupwa. Anafanya kile alichozaliwa akijua.

Wako wanaoamini kwamba mama humkataa mtoto aliyeshikwa na mikono ya mtu. Imani hiyo imewaua wengi, kwa sababu huwazuia watu kurudisha hata pale wanapojua wamekosea. Mrudishe. Kama ulimchukua asubuhi, mrudishe kabla ya magharibi ya siku hiyohiyo, mahali palepale. Kama amelala nyumbani kwako usiku mmoja, jaribu kesho yake. Mshike kwa kitambaa safi au kwa mikono uliyoipangusa kwa majani ya hapohapo, mlaze chini ya kichaka kilicho karibu zaidi, kisha ondoka na mbwa wako na watoto wako, na usirudi kuchungulia kila nusu saa. Mama akiona watu wanapitapita hatatokea.

Shida huja pale shamba lenyewe linapokuwa limebadilika. Umekata mpunga wote, mtoto amebaki juani katikati ya mabua. Hapo msogeze hadi kwenye ukingo wa jaruba penye nyasi ndefu, hatua 10 au 20 hivi. Kama ulimwona kabla hujamaliza kukata, acha kisiwa kidogo cha mpunga kimzunguke, ukikate kesho asubuhi. Mpunga wa eneo la hatua tano kwa tano hauna hasara kwa kungoja usiku mmoja. Kama moto umepita, mpeleke kwenye majani ya karibu ambayo hayajaungua.

Ukitaka kujua kama mama amekuja, usikeshe hapo. Jioni lainisha udongo kwa tawi lenye majani, umbali wa hatua mbili tatu kumzunguka mtoto, kisha nenda zako. Alfajiri soma nyayo. Sungura akiruka, miguu mirefu ya nyuma hutua mbele ya ile mifupi ya mbele, na alama yake haifanani na ya paka wala ya nguchiro. Mtazame na mtoto pia: aliyenyonya tumbo lake limejaa kidogo na ngozi yake inateleza chini ya manyoya.

Yatima wa kweli hutambulika. Umemkuta mama amekufa karibu naye, amegongwa barabarani, amenaswa na mtego au ameuawa na mbwa. Au mtoto amebaki palepale usiku mzima bila nyayo zozote, na asubuhi tumbo limeingia ndani na ukivuta ngozi ya shingoni inachelewa kurudi. Au ni baridi na mlegevu. Au nzi wameanza kumtagia, utaona punje nyeupe kwenye manyoya ya tumboni na kuzunguka njia ya haja. Au ana jeraha, au ameungua, au siafu wamemfikia. Hao ndio wa kuokota. Kabla ya kuokota, hakikisha ni sungura kweli, maana kwenye mashamba ya mpunga ya huku mtoto wa ndezi naye huzaliwa na manyoya na macho wazi. Ndezi ana masikio mafupi ya duara, manyoya magumu na mkia mwembamba. Sungura mchanga tayari ana masikio marefu, manyoya laini, mdomo wa juu uliopasuka katikati na miguu ya nyuma inayozidi ile ya mbele kwa urefu.

Sasa neno kuhusu sheria, kwa sababu mtu anaweza kuingia matatani kwa nia njema. Wanyamapori wa Tanzania ni mali ya umma, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kumkamata au kumweka nyumbani mnyama wa porini bila kibali. Udogo wa sungura haumwondoi kwenye sheria hiyo. Na bonde letu linaangaliwa kwa jicho kali: ardhi oevu ya Kilombero iliingizwa kwenye orodha ya Ramsar, ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, mwaka 2002, Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ipo tangu 1992, na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, yaani TAWA, ina askari wake katika eneo hili. Siku ileile unapomwokota yatima, nenda kwa mtendaji wa kijiji, eleza ulimkuta wapi na katika hali gani, omba aandike, na omba ampigie simu afisa wanyamapori wa halmashauri. Ukiambiwa mlete, mpeleke. Ukiambiwa mtunze mpaka tuje, uliza kama ruhusa hiyo inaweza kuwekwa kwenye maandishi. Mtafute na afisa mifugo wa kata, kwa kuwa yeye ndiye mtaalamu wa karibu, na kwa mambo makubwa ipo hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine mjini Morogoro. Yanayofuata hapa ni kwa ajili ya saa na siku za kungoja, na kwa ajili ya yule aliyepewa ruhusa ya kuendelea.

Usiku wa kwanza mtoto anahitaji giza, ukimya na joto la wastani. Maziwa yatangoja. Tafuta boksi la karatasi ngumu lenye matundu ya hewa, tandika kitambaa cha pamba kisicho na nyuzi zinazochomoka, weka majani makavu juu yake, funika. Liweke kwenye chumba ambamo redio haipigwi na watoto hawaingii. Sungura pori anaweza kufa kwa hofu tupu: moyo unakwenda mbio, misuli inajiharibu yenyewe, na saa chache baadaye au kesho yake amelegea bila jeraha lolote. Kumpitisha mkono kwa mkono ili kila mtu amwone ni kumwua polepole. Mtu mmoja amshughulikie, asiseme naye, asimbembeleze.

Mtoto aliyenyeshewa mvua na kuwa wa baridi apashwe kwanza. Chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kitambaa na kuwekwa upande mmoja wa boksi inatosha, ili akizidiwa na joto aweze kusogea upande mwingine. Wakati wa joto la Ifakara hatari kubwa ni kinyume chake, chumba cha bati mchana kinaweza kumpika. Usimpe chochote mdomoni akiwa bado baridi, kwa sababu tumbo la mnyama aliyepoa halisagi. Akishapata joto, mlo wake wa kwanza uwe maji ya ORS yaliyochanganywa kama pakiti inavyoelekeza, ya uvuguvugu, matone machache. Maziwa yaanze baada ya hapo.

Hapa kwenye maziwa ndipo watu wengi wanapompoteza. Maziwa ya sungura pori ni mazito mno: mafuta yake ni mara nne na zaidi ya yale ya maziwa ya ng'ombe, protini yake ni mara tatu hivi, na sukari ya maziwa ni kidogo. Ndiyo maana mama anaweza kunyonyesha mara moja tu kwa siku na mtoto akashiba. Maziwa ya ng'ombe ni mepesi na yana sukari nyingi kwa tumbo lile, na mtu akiona mtoto bado ana njaa humwongezea, kisha kuhara kunaanza. Daphne Sheldrick, aliyelea tembo yatima Tsavo na baadaye Nairobi, alihangaika miaka mingi na jambo la namna hii: mafuta ya maziwa ya ng'ombe yaliwadhuru tembo wachanga, na mpaka alipojaribu mafuta ya nazi ndipo wakaanza kupona. Kila mnyama na maziwa yake.

Kinachofaa zaidi ni maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa paka, ukiweza kuagiza kutoka Dar es Salaam kwa wauzaji wa dawa za mifugo. Ukiwa Namawala na hayapo, tumia maziwa ya mbuzi yasiyotiwa maji, yaliyochemshwa na kupozwa. Siku ya kwanza mpe hayo peke yake. Siku zinazofuata yaongezee mafuta: chukua maziwa ya ng'ombe yaliyolala usiku kucha, engua yale mafuta mazito yanayoelea juu, changanya kijiko kimoja kwa vijiko vinne vya maziwa ya mbuzi. Usitie sukari, asali wala uji. Maziwa ya kopo ya watoto wachanga wa binadamu yana sukari nyingi kwake, na maziwa yaliyobaki kwenye kikombe yamwagwe, yasihifadhiwe kwa mlo unaofuata.

Nunua bomba la sindano la mililita mbili kwenye duka la dawa muhimu, tupa sindano yenyewe, tumia bomba tupu. Mlishe mara mbili kwa siku, alfajiri na baada ya magharibi, usizidishe. Kwa mtoto wa gramu 100 anza na mililita tano kwa mlo, na uongeze taratibu kadiri uzito unavyopanda. Mizani ndogo ya jikoni ni rafiki mkubwa hapa: mpime kila asubuhi ndani ya bakuli lilelile na uandike ukutani. Uzito ukisimama siku mbili kuna tatizo, hata kama anaonekana mchangamfu. Njaa kidogo haimwui. Tumbo lililojazwa kupita kiasi humwua haraka.

Namna ya kumlisha ina uzito sawa na chakula chenyewe. Akae juu ya tumbo lake kwenye kitambaa, kichwa kikiwa juu kidogo kuliko mwili, kama anavyokaa chini ya mama yake. Usimlaze chali kama mtoto mchanga wa binadamu. Maziwa yawe na joto la mwili, tone ukiliweka ndani ya kifundo cha mkono usilihisi moto wala baridi. Gusisha ncha ya bomba pembeni ya mdomo, nyuma kidogo ya yale meno marefu ya mbele, sukuma tone moja, ngoja. Taya litaanza kucheza haraka haraka na utasikia mlio mdogo wa kumeza. Ndipo tone la pili. Ukiona povu au maziwa yanatokea puani, acha mara moja, inamisha kichwa chake chini kidogo, pangusa pua kwa pamba, na mlo huo umekwisha. Maziwa yaliyoingia kwenye mapafu huleta homa ya mapafu, na mtoto wa namna hiyo hapati nafasi ya pili.

Kuna jambo jingine ambalo mama hulifanya na watu hawalijui. Baada ya kunyonyesha humlamba mtoto sehemu za chini ya mkia ili akojoe na apate choo, kwa sababu mchanga hawezi vizuri peke yake. Chukua kipande cha pamba kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu, mguse hapo polepole kuelekea mkiani kwa dakika moja hivi, mpaka mkojo utoke. Fanya hivyo kila baada ya mlo katika wiki mbili za kwanza. Mkojo uliozuiliwa ni sumu kwake.

Choo kikilainika, simamisha maziwa kwa mlo mmoja au miwili na umpe ORS, kisha rudi na maziwa kidogo kuliko mwanzo. Tumbo likivimba na kuwa gumu mwite afisa mifugo, usingoje kesho. Na hapa naomba nisikilizwe vizuri: usimpe sungura amoksilini wala ampisilini wala penisilini kwa mdomo. Ni dawa zilizojaa majumbani mwetu, na mtu akiona mnyama anaumwa mkono hukimbilia huko. Kwa sungura, dawa hizo zikipita tumboni huua vijidudu vyema vinavyomsagia majani, vibaya vinashika nafasi, na mnyama hufa kwa sumu yao. Aliyeng'atwa na paka anahitaji dawa kweli, na haraka, kwa kuwa meno ya paka hupeleka vijidudu ndani kabisa ya mwili hata kama tundu ni dogo. Dawa hiyo achague daktari wa mifugo, ya aina na njia inayomfaa sungura. Aliyeungua mwagie maji safi ya baridi ya kawaida, bila kumpaka mafuta wala dawa ya meno. Kupe mng'oe kwa kibano. Dawa ya kuogeshea ng'ombe isimguse.

Wewe mwenyewe nawa mikono kwa sabuni kabla na baada. Mnyama wa porini hubeba viroboto na minyoo yake, na nyumba yenye mtoto anayetambaa haipaswi kumweka mnyama huyo chumba kimoja naye. Akifa, mzike. Asiliwe, wala asitupiwe mbwa.

Nyumbani kuna maadui ambao mtu huwasahau. Siafu ndio wabaya kuliko wote. Msafara wao ukipita usiku na mtoto yumo kwenye boksi, hana pa kukimbilia. Weka boksi juu ya meza, na kila mguu wa meza usimame ndani ya kopo lenye maji. Paka wa nyumbani asiingie hata kama unamwamini. Na chandarua, ambacho hakikosekani katika nyumba za Namawala, kijiji ambacho watafiti wa malaria wamekifahamu tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, kinafaa kuzuia nzi na mbu juu ya boksi, lakini kitandazwe mbali na meno yake. Nyuzi zikitafunwa zinajisokota tumboni.

Usimpeleke kwa sungura wako wa kufugwa akalelewe huko. Wapo wanaojaribu kwa kuwa jike la nyumbani nalo hunyonyesha mara moja kwa siku, lakini jike hilo linaweza kumuuma hadi kumwua, na banda lina magonjwa ya kuhara na upele wa masikio ambayo huyu hajawahi kukutana nayo, na ambayo hatupaswi kuyapeleka porini siku atakapoachiwa.

Akifikisha wiki moja hivi ataanza kunusa na kung'ata majani. Mwekee kila siku majani mabichi kutoka mahali alipozaliwa: ukoka, nyasi changa za ukingoni mwa majaruba, mchunga, baadaye matembele kidogo. Yakate mahali ambapo hapajapigwa dawa ya magugu wala ya wadudu. Hili la dawa lina uzito huku kwetu, maana kwenye mpunga zinapigwa sana. Majani yasioshwe mpaka yakawa matupu, udongo kidogo na harufu ya porini vinalisaidia tumbo lake kujifunza. Utamwona akijipinda na kula choo chake laini moja kwa moja kutoka mwilini. Mwache, ndivyo sungura wote wanavyosaga chakula chao mara ya pili. Ugali, mkate, pumba, wali na kisamvu kibichi visiwepo kabisa. Majani ya nyanya pia. Kufikia mwezi mmoja maziwa yapunguzwe hadi mlo mmoja wa jioni, kisha yakome.

Wakati huo boksi halimtoshi tena. Jenga banda la chini, juu ya nyasi hai, lenye urefu wa hatua nne au tano, paa limefunikwa, wavu wa kuku umezungushwa nje na ukuta wa matete ndani yake. Matete yana kazi: sungura akistuka huruka kwa nguvu zake zote, na akiona mwanga kupitia wavu atajigonga mpaka avunjike mgongo. Kona moja iwe na kichaka kilichokatwa cha kujifichia. Wavu uzikwe chini kiasi cha urefu wa kiganja, nguchiro wasipitie chini. Kuanzia hapo usimshike tena. Weka majani, weka maji, ondoka.

Najua hapa moyo unavutwa. Baada ya kumlisha wiki nne mtu hutaka ampe jina, amwite, amwone akimjia. Mshairi wa Uingereza William Cowper alianza kulea sungura pori watatu mwaka 1774, na aliandika habari zao mwaka 1784: mmoja alikuwa mpole akikaa mapajani mwake, mwingine, aitwaye Tiney, alipata matunzo yaleyale lakini hakukubali kushikwa maisha yake yote. Walikufa wakiwa mikononi mwake. Miaka ya karibuni Mwingereza mwingine, Chloe Dalton, aliokota mtoto wa sungura pori mwaka 2021 na kuandika kitabu kilichotoka 2024. Yeye hakumpa jina wala kumfungia, akamwacha atoke na kurudi apendavyo. Kati ya njia hizo mbili naichagua ya pili bila kusita, na kwa Kilombero naongeza ukali: huku sungura aliyezoea watu atamsogelea hata mtu mwenye mbwa na rungu. Kila dakika unayomzoesha mkono wako unampunguzia maisha.

Kuachiwa kufanyike akiwa na wiki sita hadi nane, anapokula majani tu, mnene, mwenye manyoya yanayong'aa, na anayekukimbia unapofungua mlango. Anayekufuata hajawa tayari. Mpunguzie kuonana na watu kabla hujafungua. Mahali pawe karibu na alipookotwa, penye nyasi fupi za kula na vichaka vya kujificha pamoja, na afisa wanyamapori awe amekubali. Usimpeleke hifadhini kwa uamuzi wako. Msimu nao uangaliwe: si wakati mto umefurika na kuingia mbugani, maana nchi kavu inakuwa vipande vidogo vilivyojaa wawindaji wa kila aina, na si kilele cha kiangazi wakati majani yanachomwa kila jioni. Kama banda unaweza kulijenga palepale porini itakuwa bora zaidi: jioni moja tulivu fungua mlango, weka majani ndani kama kawaida, uache wazi. Huenda akarudi kula usiku mmoja au miwili, au asirudi kabisa. Vyote viwili ni sawa.

Wengine watakufa pamoja na juhudi zote hizi. Hata porini, kwa mama yao, watoto wengi wa sungura hawamalizi mwaka. Kwa hiyo nguvu kubwa zaidi iende kwenye kuwazuia wasiwe yatima. Ukikata mpunga, anzia katikati ukielekea ukingoni, au upande mmoja kuelekea kichakani, ili walio ndani wapate njia. Ukianza kwa kuzunguka unawakusanya katikati. Hata dereva wa kombaini anaweza kuelezwa hivyo kabla hajaanza kazi. Ukichoma, moto usiwashwe pande zote nne, na mtu apite kwanza akipiga majani kwa fimbo. Mitego ya waya ya panya na ndezi ing'olewe msimu ukiisha, isiachwe ikinasa chochote kinachopita.

Na kama uko Namawala, Idete au Mbingu, na kitoto hicho kipo nyumbani kwako sasa hivi, mchana huu, bila jeraha, na hukumwona mama yake amekufa, nakuomba uinuke umrudishe kabla jua halijazama, na mbwa wafungwe usiku huu.